Magoti ya Papa

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye telefone mataifa makubwa yakitishiana mabomu, nikakumbuka mchana mmoja wa utoto wangu kule kijijini Nkanka, nyumbani kwa jirani. Radio yake ilisema Amerika na Urusi wamefikishana pabaya, meli zao zinatazamana baharini. Watu wazima waliacha kula, samaki wakapoa kwenye sahani wakinuka. Kwetu, aliyekuja kusikiliza radio ya mtu alimpakatia mwenye radio mtoto wake. Basi Furaha wa jirani alikuwa kwenye magoti ya papa, baba yangu, na mimi chini.

“Papa, bomu ikikuja, itaanguka kwa ba Furaha tu?”

“Weye mutoto! Itatumaliza shiye bote.”

Nilidhani bomu linachagua nyumba, lianguke kwa kina Furaha na kutuacha sisi. Leo najua halichagui. Lakini siku ile, hata kama tungekufa wote, nilitaka kwanza Furaha ashuke pale.