Chupa ya Kumpashia Perege Joto

Jumamosi ya kwanza ya Juni mwaka huu nilikuwa Tunduma, katika duka la kijana anayeuza samaki wa mapambo na vifaa vyao, nikichagua hita ya tangi langu. Tangu mume wangu afariki, samaki hao ndio viumbe pekee ninaowaaga ninapozima taa ya sebuleni, na baridi ya kwangu Vwawa ilikuwa imeanza kuwalaza chini kama mawe. Kijana alinionyesha hita mbili, kila moja bomba la kioo lenye waya ndani.

"Chukua hii, mama. Maji yakifika joto lake inajizima yenyewe. Ile ya bei chini ukiisahau, asubuhi utakunywa supu."

Nilicheka. Kisha nikalishika lile bomba, laini na la baridi, na vidole vyangu vikakumbuka chupa.

Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa nimeanza shule. Tuliishi Hasamba, nyumba yetu ikiwa imezungukwa na kahawa. Baba alilima mpunga kule chini, upande wa Galula, kwenye joto, na kila alipopanda kwetu alikaa siku chache kuliko safari iliyotangulia. Mwishoni mwa Mei alikuja na galoni lililokatwa mdomo, na ndani yake perege hai, mdogo kama kiganja changu. Nilimwuliza, kama nilivyomwuliza kila alipokuja, ningeanza shule lini.

"Nikirudi nikamkuta huyu yuko hai," alisema akicheka, "siku hiyohiyo nakupeleka kuandikishwa."

Mama alikuwa akipepeta maharage. Aliinua uso, akamtazama Baba kwa muda, kisha akaendelea kupepeta.

Nilimhamishia perege kwenye beseni. Siku za kwanza alikula chembe za ugali. Juni ilipoingia na ukungu ukashuka hadi mlangoni, aliacha kula, akaanza kulala ubavu. Nilitia vidole majini nikavitoa upesi. Nilijua kwamba nisipompatia joto, shule yangu ingekufa pamoja naye.

Kwanza nilitumbukiza jiwe lililopata moto mekoni. Lilifoka, likachafua maji kwa majivu, na baada ya muda mfupi lilikuwa baridi kama mawe mengine. Kisha nikabeba beseni kulipeleka kwenye jiko la mkaa. Kaka yangu Elia alikuwa akipita.

"We, nyanya umeshakata? Mchuzi usio na nyanya mimi sili!"

Mama hakucheka. Alisema bila kugeuka, "Maji ya mtoto mchanga hayatengwi motoni naye akiwa ndani. Yapime kwa kiwiko, mwanangu."

Ndipo nikachukua chupa ya kioo, nikaijaza maji ya moto, nikaiziba kwa gunzi la mahindi lililoviringishwa kitambaa, nikaisimamisha ndani ya beseni. Magunzi mengi yalivuja kabla sijapata moja lililokaza. Lakini joto la chupa lilitoka taratibu, bila kumshtua samaki, na kiwiko changu kiliniambia wakati wa kuibadilisha. Siku ya tatu perege alisimama wima, akala.

Hivyo ndivyo Juni na Julai zilivyopita. Watoto wa rika langu walikwenda shule, sauti zao zikapotelea kwenye ukungu, nami nikabaki uani na kiwiko majini, nikimsimulia samaki habari za darasa nisilolijua. Kila lori liliponguruma barabarani nilikimbia kutazama. Kila jioni Mama aliniachia kuni za kuchemshia maji ya chupa, hata siku ambazo sisi wenyewe tulikunywa uji uliopoa.

Septemba jua lilirudi na chupa haikuhitajika tena. Perege alikuwa amenenepa hata beseni likambana. Baba hakurudi. Aliyekuja ni mnunuzi wa maharage kutoka Galula, akasema kwamba Baba amejenga huko, ana mke, na mtoto wao anatambaa. Mama alimmiminia chai, akamshukuru kwa habari. Perege tulimtia kwenye bwawa la jirani wiki hiyohiyo.

Januari, Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono hadi shuleni. Mwalimu aliuliza baba wa mtoto yuko wapi. "Nimemleta mimi," alijibu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Baba alisahau. Nilikuwa nimeshazaa nilipoelewa kwamba Baba, mtu wa bondeni, alijua perege hastahimili baridi, na aliijua Juni ya Hasamba. Aliniwekea sharti ambalo baridi ingelivunja kwa niaba yake, ili asinikatalie kwa kinywa chake. Mama alilielewa siku ileile, ungo ukiwa mikononi. Angeweza kumwacha samaki afe. Ningelia siku mbili, nikailaumu baridi. Badala yake alinifundisha kiwiko, akaninyima uji wa moto ili chupa ipate kuni, akijua kwamba samaki akiishi nitamsubiri mtu asiyekuja.

Sikumwuliza kwa nini, na sasa hayupo wa kuulizwa. Nadhani alitaka nikue nikijua kwamba ahadi iliyovunjika haikuvunjikia upande wangu.