Kigelegele Mbele ya Simbamarara

Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale soko la Otonglo, nje ya Kisumu. Alishonea kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja aliyezaliwa Kisumu, ambaye hajawahi kukanyaga India. Ndani ya duka hilo, juu ya magunia ya sukari, palitundikwa kalenda yenye picha ya mungu wao wa kike amepanda simbamarara. Baba, mtu wa kanisa, alijifanya hamwoni yule mungu, lakini mnyama alimpenda mno.

"Huyu mnyama ni wa ukweli ama ni wa kuchorwa tu?" alimuuliza mwenye duka.

"Mzee, hata mimi sijui. Mimi nimeona kiboko tu," mwenye duka akajibu.

Basi nilipopata nafasi ya kwenda kusomea ufamasia India, katikati ya miaka ya themanini, baba alikuwa ameshanipangia kazi ya pili.

Katika sherehe ya kuniaga aliitwa mpiga nyatiti, kinanda chetu cha nyuzi nane. Sisi Wajaluo tuna desturi yetu iitwayo pakruok: mtu huinua mkono, muziki ukasimama, naye akajisifu mbele ya watu wote kwa majina makubwa makubwa, na hakuna anayemwona ana majivuno, kwa kuwa zamu ya kila mtu itafika. Baba kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno machache. Siku hiyo aliisimamisha nyatiti mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Mimi ndio baba ya msichana mwenye ataona simbamarara na macho yake mbili! Si ya kalenda!"

Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi mwenyewe mwenye sherehe nikawapita wote. Kigelegele changu kilijulikana. Nilikuwa nikiitwa kwenye harusi za watu nisiowajua, nikapige hicho tu. Fundi seremala, jirani ya baba na mtani wake wa miaka mingi, akacheka hadi akashika mbavu. "Huyu ataona kwa picha kama sisi," akasema.

India nilikuta ng'ombe barabarani, nyani juu ya paa la bweni letu, na pilipili iliyonitoa machozi mwezi mzima. Simbamarara sikumwona. Wanafunzi wenzangu nao hawakuwa wamemwona, na walishangaa kwamba mimi niliyetoka Kenya ninawauliza wao habari za wanyama. Barua za baba zilikuja karatasi mojamoja, na kila barua iliishia na swali lile lile. Mwaka wa pili ikaja moja isiyouliza. "Watu wamenichosha," baba aliandika. "Nimewaambia umeshamwona. Sasa mambo mengine ni juu yako."

Niliikunja barua ile kwa hasira. Nilimkasirikia baba siku nzima, hata chakula kikanishinda. Hasira zilipoisha ikabaki hofu, kwa sababu nilijijua. Ningerudi Otonglo bila kumwona, ningemtunga simbamarara wangu, ningemtia chumvi ya kutosha, na watu wangeamini. Uongo ningeuweza. Na baba angekuwa amekaa pale pale, ananisikiliza.

Kwa hiyo mwaka wa tatu, likizo ya wakati wa joto, nilimganda msichana niliyelala naye chumba kimoja mpaka akakubali kunipeleka kwenye hifadhi iliyokuwa mkoa wa kwao. Tulikaa kwenye treni kutwa nzima, kisha basi, kisha tukapanda nyuma ya jipu iliyo wazi. Tulikuwa na dereva, kiongozi wa msituni aliyevaa sweta lililotoboka viwiko, na mwalimu mkuu mmoja mstaafu mwenye miwani mizito na viatu vyeupe vya turubai. Mzee huyo alituambia, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuzoea, kwamba hiyo ilikuwa safari yake ya sita na hajamwona bado. Daktari alikuwa amemwonya kuhusu moyo wake. Hakudhani kungekuwa na ya saba.

Kiongozi alitupa sharti moja: kimya. Kule, alisema, simbamarara hutafutwa kwa masikio. Swala wenye madoa wakipiga ukelele mfupi, na nyani wakikohoa juu ya miti, ujue anatembea. Siku mbili tulisikiliza. Tuliona nyayo kwenye vumbi, pana kuliko kiganja cha kiongozi. Tuliona mti uliokwaruzwa juu zaidi ya kimo changu. Basi. Kwetu sokoni kitu chochote cha maana hujitangaza chenyewe, na kile kimya kilinichosha kuliko jua.

Asubuhi ya tatu ilikuwa ya mwisho. Tulisimama karibu na kidimbwi kilichobaki na maji kidogo, mianzi mikavu pande zote. Nyani akakohoa. Dereva akazima injini. Mwalimu mkuu akavua miwani aifute vumbi, na wakati huo huo mianzi ikafunguka, akatoka.

Alikuwa jike. Rangi yake haikuwa ile ya kalenda hata kidogo, ilikuwa rangi ya barabara ya kwetu ya murram, ule udongo mwekundu, ikiloa mvua. Alitembea bila haraka yoyote, mabega yakipanda na kushuka, nyuma ya kila sikio doa jeupe. Akainama akanywa. Niliusikia ulimi wake majini.

Nikapiga kigelegele.

Sikukusudia. Kwetu kinapofika kitu kikubwa, mwanamke hakai kimya, na mwili wangu ulikuwa umefundishwa hivyo kabla sijajua kusoma. Kilitoka chote, kirefu, kama cha harusini. Simbamarara akainua kichwa, maji yakimdondoka kidevuni, akanitazama mimi. Kisha mianzi ikatikisika na hakuwapo tena.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshika miwani mkononi. "Alikuwepo?" akauliza. Akaivaa, akatazama maji yaliyokuwa bado yanacheza.

Kiongozi alinigeukia uso umemwiva. "Kwenu simba mnawafanyia hivyo?" Nilitamani ardhi ipasuke. Huku nikilia nikamweleza kwamba kwetu huyo ni mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hapokewi kimya. Kiongozi akamtafsiria dereva. Dereva akafunika uso kwa kofia, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Mwalimu mkuu hakucheka. Nilimwomba msamaha mara nyingi mpaka akanigusa mkono ninyamaze.

Zamu yetu ilikuwa imebakiza saa moja. Dereva alitaka twende kwingine. Kiongozi akasema hapana, joto ni kali, maji ni hayo tu, na hakunywa akashiba. "Tutangoja," alisema, kisha akanionyesha kidole, "na wewe ziba mdomo." Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikakikunja, nikakiuma kwa meno yote. Jasho lilinitiririka mgongoni. Nzi walinitembelea usoni nikawaacha. Sikumbuki kama nimewahi kuomba Mungu kwa bidii namna ile, na sikuwa nikijiombea mimi.

Alirudi. Safari hii alisimama kwanza pembeni, akatutazama kwa muda mrefu, akaona tumeshika adabu, akaja majini. Mwalimu mkuu alikuwa ameshika chuma cha jipu kwa mikono miwili. Alimtazama akinywa mpaka akashiba, akamtazama akigeuka, akamtazama hadi ncha ya mkia. Machozi yalimshuka chini ya miwani na hakuyafuta, asije akapitwa na kitu. Nilifurahi mpaka kifua kikaniuma.

Nilimaliza masomo na kurudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba aliwaalika watu mchana, akaweka viti mbele ya duka, na wote wakataka jambo moja. Nikasimama. Kwa muda mfupi niliona ningeweza kusimulia nusu tu: maji, mabega, macho yanayonitazama. Ingetosha kabisa. Lakini nilisimulia yote, kigelegele na mzee na kitambaa mdomoni. Watu walicheka hadi wengine wakaanguka kutoka kwenye viti. Yule seremala akafuta macho akasema, "Huyu amemwona. Mtu hawezi kujitungia aibu kubwa hivi."

Baba peke yake hakucheka. Watu walipoondoka, jua bado likiwa juu, alikaa kwenye cherehani yake bila kushona chochote.

"Nyara," akaniambia, kama alivyoniita siku zote kwa Kijaluo, maana yake binti yangu. "Tangu niandike ile barua, roho yangu haijatulia. Si juu ya watu. Niliogopa utakuja hapa kunidanganyia watu. Mimi nitajua, na wewe utajua mimi najua."

Nilimwekea mkono begani, nikakuta amekonda.

Asubuhi alivaa koti lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Alitaka kuzunguka soko lote, kibanda kwa kibanda, awaambie watu kwamba siku ile alipotangaza nimemwona, nilikuwa sijamwona.

"Baba, wacha tu," nikamwambia. "Si wameshaamini?"

"Wameamini wewe," akasema, akifunga vifungo. "Mimi bado sijawaambia ukweli."

Akaanza kwa seremala.