Viganja Vinawasha, Upele Hakuna

Mniwie radhi kwa mwandiko huu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na viganja vyangu vina vidonda.

Hii ni mimba yangu ya kwanza. Ilipofika miezi saba, viganja vilianza kuwasha, kisha nyayo. Nauza njegere soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, na wenzangu walinicheka.

"Kiganja kinawasha? Hela hiyo inakuja, shoga, utukopeshe!"

"Huyu vinamwasha vyote viwili. Atanunua soko zima!"

Nilicheka nao, maana niliona aibu kusema. Nyumbani, mtaa wa Soweto, baridi ilikuwa ya mablanketi mawili, lakini mimi nilitumbukiza miguu kwenye ndoo ya maji. Nilijikuna kwa gunzi la mahindi. Mume wangu aliliokota, akaliona lina damu, akanipeleka hospitali.

Daktari alipima damu. Akaniuliza kama mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Niliitikia kwa kichwa.

"Ini lina milango midogo ya kutolea nyongo," akasema. "Mimba huifanya izubae kidogo kwa kila mama, ila yako imezubaa kabisa. Nyongo inabaki kwenye damu, ndiyo maana unawashwa. Wewe utapona ukishazaa. Ninayemhofia ni mtoto. Moyo wake unaweza kusimama humo tumboni bila dalili."

Akataka nizae mapema, hapa hapa Mbeya. Lakini kwetu Idodi mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Nikampigia mama simu.

"Mwanangu, hizo ni nywele za mtoto zinakuwasha. Njoo nikupake mafuta. Kuku wa supu yako ya uzazi nimeshawatenga."

"Si tumbo, mama. Ni viganja."

"Basi hao hawajui uzazi. Kesho panda basi."

Nilikuwa sijawahi kumkatalia mama.

"Siji, mama."

Akakata.

Sasa nipo wodini. Asubuhi wataniwekea dawa ya kuanzisha uchungu. Mtoto akicheza, napumua. Akitulia, nambonyeza kwa vidole mpaka ajibu, na leo anachelewa kujibu. Mama hapokei simu. Nikimpoteza huyu, atasema nilikataa kurudi nyumbani.

Wewe uliyewahi kuwashwa hivi ukazaa kabla ya miezi kutimia, tafadhali niandikie. Mtoto wako alilia? Hata kama hakulia, niandikie.