Gari Lililokuwa Limesimama

Mama aliniachia gari lake Jumanne moja nimpelekee dada yake chakula cha kuku Waithaka. Gari ni dogo, la zamani, la gia za mkono. Mimi nilijifunza udereva kwa gari la aina hiyo, nikafaulu mtihani, kisha kwa miaka miwili nikawa naendesha la rafiki yangu, ambalo hubadilisha gia lenyewe. Mambo ya klachi yalikuwa yamenitoka, lakini sikumwambia mama.

Foleni ikasimama kwenye mlima. Mbele yangu kulikuwa na lori la mchanga. Nyuma yangu, gari jeupe lililokuwa likiendeshwa na mzee mwenye kofia na miwani. Lori liliposogea, niliachia breki kabla klachi haijashika, na gari la mama likarudi nyuma. Halikwenda mbali, labda hatua mbili. Nilisikia kishindo, na kioo cha taa kikamwagika barabarani.

Naandika hivi waziwazi kwa sababu siku ile sikusema. Nilihisi gari likirudi. Nilijua kabla ya kishindo.

Sikuwa hata nimefungua mlango mzee aliposimama dirishani, kofia mkononi.

"Pole sana, kijana yangu. Pole. Umeumia? Hata sijui nimefanya nini."

Vijana wa bodaboda waliokuwa wakingoja abiria kando ya barabara walikuwa wameshatuzunguka.

"Mzee, ulikuwa umelala? Umemfinya kijana!"

"Hiyo ni yako, buda. Wa nyuma ndio mwenye makosa, hata uende kortini."

"Amekanyaga mafuta akidhani ni breki! Guka, rudisha leseni, ukachunge mbuzi!"

Walicheka sana. Mzee naye alitabasamu, kama mtu anayeomba wamalize haraka.

Mimi ni mtu wa maswali. Nyumbani wananiita wakili, na si kwa kunisifu. Niliwahi kumuuliza mchungaji wetu, mbele ya watu, sadaka ya ujenzi iko wapi na ujenzi uko wapi. Chuoni wahadhiri walikuwa wakiona mkono wangu umeinuka wanaangalia saa. Hiyo sheria ya barabarani, kwamba wa nyuma ndiye mwenye makosa siku zote, ndiyo aina ya kauli ambayo kwa kawaida siwezi kuiacha ipite. Niliiacha ikapita. Bima ya mama ilikuwa ile ndogo, inayolipa gari la mwenzako tu, kwa hiyo kosa likiwa langu gari letu lingebaki limebonyea. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa baadaye. Ya kweli ni kwamba vijana wale walikuwa wakimcheka mzee, na kama ningefungua mdomo wangegeuka wanicheke mimi, msomi asiyeweza kusimamisha gari mlimani.

Mzee mwenyewe ndiye aliyesema twende polisi. Alikuwa dereva wa mama mmoja wa Kileleshwa, na madam wake, alisema, anapenda mambo yafuate karatasi. Kituoni tuliketi kwenye benchi tukingoja abstrakti, ile hati ya polisi ambayo bila hiyo kampuni ya bima haikusikilizi. Mzee alikuwa akizungusha kofia kwenye goti.

"Kijana," akasema polepole, ili askari asisikie. "Nikuulize kitu. Mimi nilikuwa nimesimama ama nilikuwa natembea?"

Nilimtazama askari aliyekuwa akiandika.

"Nauliza kwa sababu mimi naona kama nilikuwa nimesimama. Naona hivyo kabisa. Na mimi hubeba watoto wa madam, kila asubuhi. Kama gari inatembea na mimi naona imesimama, hiyo ni kitu kingine. Niambie tu."

"Ulikuwa unatembea, mzee," nikasema. "Polepole tu."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Baada ya kitambo akauliza tena, "Una hakika?" Nikamwambia nina hakika.

Wiki iliyofuata nilienda mjini, kwenye ofisi za kampuni iliyolikatia bima gari la madam wake. Walinipa fomu yenye nafasi ya kuchora ajali: barabara, magari mawili, na mishale ya kuonyesha nani alikuwa akielekea wapi. Nilichora vizuri. Gari letu sikuliwekea mshale. La mzee nililiwekea mmoja, nikaupitishia kalamu mara mbili uonekane. Karani aliangalia mchoro, akaniangalia mimi, akapiga muhuri. Mkaguzi wao alipiga picha za buti na bampa akiwa anaongea kwa simu. Mtu pekee aliyekaribia ukweli ni fundi wa gereji. Alichuchumaa nyuma ya gari, akapapasa bampa, akacheka.

"Mlimani, sio? Bosi, huyu ni wewe ulimrudia."

Nikacheka pia.

"Si kitu," akasema. "Karatasi ikisema hivyo, basi ni hivyo."

Gari lilirudi likiwa zuri kuliko lilivyokuwa. Jumapili hiyo mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda: Mungu amemlinda mwanawe, na watu wa upande wa pili wamelipa bila kusumbua. Watu wakasema amina. Mimi ambaye huwa natafuta kasoro katika kila ushuhuda nilikaa nikikodolea macho viatu vya aliyeketi mbele yangu.

Baada ya miezi miwili kampuni ya bima ilitaka mwenye gari jeupe atie sahihi karatasi moja ya kufunga faili, nami nikajitolea kuipeleka Kileleshwa. Getini nilikuta kijana mmoja akiosha lile gari jeupe. Madam alinikaribisha ndani, akaniletea chai na sambusa, akatia sahihi bila kusoma. Nikauliza mzee yuko wapi, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu.

"Aliniletea funguo mwenyewe," akasema. "Wala sikumfukuza, usifikirie hivyo. Alisema hawezi kubeba watoto wangu kama hajui gari linatembea au limesimama. Nikamlipia daktari wa macho. Daktari akasema akivaa miwani yake anaona vizuri kabisa. Nikadhani atafurahi! Ndipo akaogopa zaidi. Akaniambia, basi madam, kama si macho ni kichwa. Akaenda kwao Mutuini."

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na sambusa mdomoni. Nilitafuna, nikameza, nikashukuru kwa chai, nikaondoka.

Kwa siku nne niliishi nikijitetea. Nilijiuliza kama kumbukumbu yangu inaaminika, kama huenda yeye pia alisogea kidogo, kama ukweli una faida yoyote ukichelewa. Ni maswali ya maana ukiyakuta kitabuni. Kwangu yalikuwa njia ya kukwepa safari ya nusu saa.

Jumamosi nikaenda Mutuini. Nilimkuta kwenye shamba lake dogo nyuma ya nyumba, akikatia ng'ombe majani kwa panga. Mkewe alikuwa mlangoni akichambua mboga. Mzee alinitambua, akafurahi, akataka niletewe kiti. Nikamwambia sitaki kiti.

"Mzee, siku ile ulikuwa umesimama. Ni mimi nilirudi nyuma nikakugonga."

Akaendelea kukata.

"Madam amekutuma?"

"Hapana."

"Mama yako?"

"Hakuna anayejua niko hapa."

Akaniangalia kwa upole ambao nilitamani angeuacha. "Kijana, pale polisi nilikuuliza mara mbili. Gari yenu ilikuwa imevunjika, ulikuwa na hasira. Mtu wa hivyo hana haja ya kunifurahisha. Leo umesikia niliacha kazi, umenionea huruma. Uko na roho nzuri. Lakini usinidanganye kwa sababu ya huruma."

Nimezoea kutoaminiwa ninapobisha, sikuwa nimewahi kutoaminiwa ninapokiri.

"Kwa nini uliandikisha vile?" Ni mkewe aliyeuliza kutoka mlangoni.

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nani? Polisi?"

"Wale vijana wa bodaboda. Walikuwa wanacheka."

Aliweka sufuria chini. "Na umesoma mpaka chuo kikuu?"

"Ndiyo."

"Baba, huyu anasema ukweli," akamwambia mumewe. "Mtu akitunga uongo hutafuta sababu nzuri kuliko hiyo."

"Wewe unataka nirudi kazini tu," mzee akasema, lakini panga lilikuwa limetulia. Akanigeukia. "Uliniona?"

"Nilikuona kwenye kioo."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unafuta miwani kwa leso. Kwa mikono yote miwili."

Mkono wa kushoto wa mzee ulienda chini kando ya paja, ukashika kitu ambacho hakikuwepo, ukavuta juu.

"Nilikuwa nimevuta breki ya mkono," akasema. "Siwezi kufuta miwani gari ikitembea. Tangu nianze hii kazi sijawahi. Nilikuwa nimevuta."

"Ulikuwa umevuta, mzee."

"Huyu mama," akasema akimwonyesha mkewe kwa kidole, "miezi miwili ananishika mkono tukivuka barabara. Kama mtoto. Kanisani watu wanaona. Usiku naamka nahesabu majina ya wajukuu nione kama nimesahau mmoja. Wewe ulijua?"

"Nilijua ulikuwa umesimama. Hayo mengine sikujua."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

Mkewe aliingia ndani, akatoka na daftari la shule na kalamu. Mzee alilipokea akaniletea mimi.

"Andika. Vile ilivyokuwa. Uweke sahihi na namba ya kitambulisho."

Niliandika nikiwa nimechuchumaa, daftari juu ya goti. Mistari minne ilinitosha. Nilimwambia Jumatatu nitapeleka nakala kwa polisi, kwa kampuni ya bima na kwa madam, lakini madam ameshapata dereva mwingine, huenda kazi isirudi.

"Kazi najua imeenda," akasema. "Hizo nakala peleka huko unakopeleka. Hii ni yangu."

Alichana ukurasa taratibu usiraruke, akavaa miwani, akausoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili akimgeukia mkewe. Kisha akaukunja, akautia mfuko wa shati, akachukua panga lake akarudi kwenye majani. Mkewe alinifungulia lango. Mzee hakunipa mkono, nami sikuthubutu kunyoosha wangu.