Mashine Haikuweza Kuniposea

Kosa ni langu. Wapo wengine ninaowakasirikia, nitawataja, lakini mjinga wa kwanza ni mimi!

Nilirudi Ekerenyo kutoka Ujapani na diploma ya elektroniki niliyojilipia kwa kuosha vyombo. Hakuna mjomba aliyenisukuma! Nilileta televisheni ya rangi, jenereta, na mashine ya michezo ambayo pia ilipiga sidii za muziki. Nani mwingine alikuwa nayo Nyamira nzima? Hata Wahindi wa maduka ya Kisii mjini walikuwa bado wanauza kaseti.

Watu walijaa sebuleni kwangu. Walikunywa chai yangu, wakashindanisha magari ya mchezo kwenye kioo cha televisheni kwa makelele.

Baba hakuingia. Kwetu Wakisii, mwana akishatahiriwa na kuwa na nyumba yake, baba hakanyagi ndani. Ndiyo heshima. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma!

Alikuwa amesikia nina sidii ya nyimbo za kanisa. Akasimama uani, kofia mkononi.

"Omwana one, mwanangu, itoe hapa nje nisikie kidogo."

"Nje kuna vumbi, Tata. Jicho linalosoma sidii likiingiwa na vumbi, limekwisha. Ingia wewe."

"Unajua siwezi kuingia."

"Basi kaa huko na ukale wako! Mimi nimesoma."

Watu wakacheka. Wale wale wa chai yangu! Baba akavaa kofia yake, akaenda.

Mahindi yalipovunwa, nilimwomba anipeleke Nyansiongo kwa wazazi wa Moraa, msichana niliyetaka kumwoa, tukazungumzie ng'ombe wa mahari.

"Si mashine yako inaimba?" akasema, wala hakupandisha sauti. "Nenda nayo. Ikuposee."

Nikaenda na rafiki zangu, tai shingoni. Baba yake Moraa hakutuambia hata tuketi.

"Kijana, baba yako amekufa?"

"Hapana, mzee."

"Basi rudi umlete."

Nilimpigia Baba magoti. Nikamtumia wazee wa kanisa. Hakuja! Moraa alingoja, akachoka, akaolewa Nyamache.

Na wale waliocheka? Leo wanasema kijana yule hana adabu, alimdharau baba yake. Wanafiki! Mlicheka mkiwa na vikombe vyangu mkononi!

Wewe unayerudi na cheti na mizigo ya ng'ambo, nisikie. Baba akisema toa nje, toa! Lile vumbi ningelipangusa kwa kitambaa.