Mkono Uliozoea Kufunga Gesi

Anayetaka kucheka acheke sasa, nikimaliza hatacheka tena: mimi Wafula niliwahi kuwaongoza watu wazima kumpigia makofi mtu aliyekuwa anakosa pumzi chini ya maji, na mke wake akiwa hapo hapo kati yao.

Mnajua nimeuza gesi ya kupikia pale Namuwongo, Kampala, miaka mingi, na mkono wa muuza gesi una sheria moja, ukipita karibu na mtungi unaigusa koki, unaizungusha mpaka igome, ndipo moyo unatulia (mke wangu amechoka kukuta maharage yamezimiwa moto). Sasa rafiki yangu Bahati, Mkongomani wa Bukavu anayefundisha kuzamia, akaniomba Jumamosi moja nimbebee mitungi yake ya hewa kwenye bwawa la kuogelea upande wa Kyambogo, alitaka kuonyesha wanafunzi jinsi mzamiaji wa maji ya baridi kali anavyojiokoa. Mitungi miwili mgongoni, kila mmoja na koki yake na kipumulio chake cha mdomoni, maana kwenye baridi kipumulio huweza kuganda kikamwaga hewa ovyo, hapo unafunga mtungi huo unahamia wa pili. Akavijaribu vyote viwili, viko sawa, akaenda kumsalimia mkewe, Mama Neema.

Nikabaki na mitungi. Hakuna aliyenituma, lakini niliona koki ya kushoto iko wazi, nikaifunga, tena nikaipigapiga kidogo kwa kuridhika, na ya kulia ilipona tu kwa sababu Bahati alirudi. Akatazama vipimo, vyote vinaonyesha mitungi imejaa (kumbe ni hewa iliyobaki kwenye mpira wa kipimo, hilo nilikuja kuelezwa baadaye), akavaa, mpaka glavu nene za baridi na mkanda wa vyuma vizito kiunoni, akazama mpaka chini.

Mimi nikapewa kipaza sauti, na mimi mkinipa kipaza sauti mnanijua. "Sasa anafunga wa kulia! Sasa anahamia wa kushoto!" Bahati akavuta pumzi moja, labda mbili, kisha akaanza kupitisha kiganja shingoni, haraka haraka, mkono mwingine unatafuta koki mgongoni na ile glavu nene inateleza tu, nami nikajua anaigiza hatari, si ndilo onyesho lenyewe? Nikapaza sauti, "Makofi jamani!"

Wakapiga. Askari wa getini akashangaa, "Banange, huyu mzee iko najua kazi!" Mama Neema alisimama kabisa, akapiga kuwashinda wote.

Halafu mapovu yakakoma.

Hapo nikaukumbuka mkono wangu kwenye ile koki, nikakitupa kipaza sauti nikaruka na viatu vyangu (kuogelea kwenyewe ni kwa kubahatisha), nikamshika mgongoni, nikapapasa, nikafungua. Nilisikia hewa ikiingia kwake. Macho yake nyuma ya kile kioo sitaki hata kuyaeleza.

Tulipotoka suruali yangu ilikuwa imebaki majini, nimesimama na chupi mbele ya wanafunzi wa chuo, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

"Nani aliguza hii chupa ya kushoto?" Bahati aliuliza, anakohoa.

"Ni mimi, mwalimu."

"Nilikutuma?"

"Hapana."

Ni Mama Neema aliyenisogelea, akaniambia polepole, "Shemeji, mume wangu alikuwa anakufa, na mimi nampigia makofi. Weye ndiye ulisema tupige." Ningeona afadhali anizabe kofi.

Siku hizi nikikaribia mitungi ya Bahati mikono yangu iko mgongoni, na yeye haingii majini kabla ya kuvuta pumzi kadhaa kwenye kila kipumulio huku macho yake yakiwa kwenye kipimo, kuona kama mshale unashuka, nami namhesabia kwa sauti. Na makofi nimeacha kabisa, hata kanisani. Wenzangu wakipiga, mimi naimba tu, mikono mfukoni.