Mlinganyo Una Pande Mbili

Siku yangu ya kwanza kufundisha hisabati, katika shule ya upili karibu na Luanda Kotieno, mkuu wa idara alinipa chaki na onyo: "Mwalimu, silabasi ni ndefu. Wape jibu, uende mbele."

Nilimwitikia kwa heshima, kisha nikafundisha nilivyoamini. Mlinganyo ni mizani: ukitoa kitu upande huu, toa kile kile upande ule. Kila hatua na mstari wake. Ukishapata thamani ya x, irudishe mahali pake uone kama pande zinalingana. Huko ndiko kuhakikisha.

Nilipohamishiwa Kisumu, mwendo huo uliniletea shida. Wazazi walilalamika kwamba darasa langu liko nyuma. Mkuu wa shule, mama asiyezungusha maneno, akaniambia, "Nitakuja kukaa darasani kwako. Nisiporidhika, kidato cha nne nakupokonya."

Alikuja kweli, akaketi nyuma. Nikamwita ubaoni Achieng, msichana wa Dunga aliyetaka kusomea uuguzi lakini hisabati ilikuwa ikimkwamisha. Nikaandika: 5x − 8 = 3x + 8.

Aliandika hatua zake bila kusita, akafika x = 2. Nilijua amekosea. Mkuu naye alijua. Nilimwona akitikisa kichwa. Nikamwachia chaki aendelee.

"Mwalimu, bado sijahakikisha," Achieng akasema. Akaweka 2 mahali pa x. Kushoto akapata 2, kulia 14. "Ai! Hizi haziko sawa." Akapitisha kidole mstari kwa mstari. "Ni hapa. Kulia nimetoa 3x, kushoto nikaijumlisha."

Akafuta, akaandika 2x = 16, kisha x = 8. Akahakikisha tena: 32 kushoto, 32 kulia.

Mkuu aliinuka. "Baki na darasa lako, Mwalimu. Lakini ongeza mwendo kidogo."

"Nitajaribu, Madam."

Sikuongeza. Achieng leo ni muuguzi.

Sasa nimestaafu, naishi Kaloleni, hapa hapa Kisumu, na watoto wa majirani huniletea mazoezi yao pamoja na simu zinazotoa jibu na hatua zote. Siwakatazi. Nawaambia tu wazifunike simu, wanieleze mstari wa pili umetokaje kwa wa kwanza. Hunung'unika kwanza. Lakini mtoto akishaeleza mwenyewe, hata sauti yake hubadilika, nami huinuka nikaweke chai, maana hapo hanihitaji tena.